Kutoka Sindano ya Ng'ombe Hadi Mzizi wa Figili: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kusafisha Samadi Yenye Mabaki ya Dawa

Masika moja nilisia figili kwenye matuta mawili yaliyopakana, nyumbani kwetu Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga. Mbegu za pakiti moja, siku moja, maji ya kisima kimoja. Kote ziliota vizuri, nikafurahi. Siku ya sita nikang'oa miche michache kila tuta nione mizizi. Tuta la kwanza lilinipa mzizi mweupe, mrefu kama kidole changu cha kati, umejaa vinyweleo vilivyoshika chembe za udongo. Tuta la pili lilinipa kimzizi kifupi, kinene, ncha imegeuka kahawia, hakina kinyweleo hata kimoja. Majani yake mawili ya mwanzo yalikuwa ya njano iliyopauka, kama yameota chini ya ndoo.

Bibi jirani alipopita nikamwamkia na kumwonyesha. Akautazama ule mche, akasema, "Mwanangu, mbolea yako ina moto." Ndivyo tunavyosema sote, na mara nyingi ni kweli. Lakini malundo yote mawili yalikuwa ya umri mmoja na ng'ombe walikuwa wakila majani yale yale. Tofauti ilikuwa moja: lundo la pili lilipokea mavi ya ng'ombe aliyechomwa sindano za OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, kwa ajili ya ndigana baridi. Tangu hapo sijaweka samadi kitaluni bila kuijua historia yake, na mwongozo huu ni utaratibu ninaoufuata.

Dawa inapita wapi

Mnyama hatumii dawa yote anayopewa. Kwa antibiotiki nyingi za mifugo, sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, hutoka kwenye mavi na mkojo ikiwa bado ina nguvu zake. Tupige hesabu. Ng'ombe chotara wa kilo 400 akichomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, anapokea gramu 8. Hiyo ni mililita 40 za dawa ya asilimia 20. Tuchukulie nusu yake, gramu 4, inaishia lundoni katika siku kumi, pamoja na mavi ya kilo 25 kwa siku. Utakuwa na samadi kilo 250 yenye miligramu 16 za dawa kwa kila kilo.

Ukitawanya samadi hiyo tani 10 kwa hekta na kuichanganya na udongo wa juu wa sentimita 15, dawa inabaki kama miligramu 0.08 kwa kilo ya udongo. Ni kidogo sana. Ila wakulima wadogo hatutawanyi namna hiyo. Tunaweka mbolea kwenye shimo la mche, au tunaijaza kwenye kitalu. Kilo moja ya samadi hiyo ikichanganywa na kilo tatu za udongo shimoni inakupa miligramu 4 kwa kilo, yaani mara 50 zaidi, tena pale pale mzizi mchanga unapoanzia. Ndiyo maana naona bustani ndogo ina hatari kuliko shamba kubwa la mahindi, ingawa dawa iliyotumika ni ile ile.

Mbolea ya kuku inahitaji macho zaidi. Kuku wa nyama hukaa banda moja wiki tano au sita, dawa wananyweshwa kwenye maji, na maranda hayaondolewi hadi kuku wauzwe. Kila kilichotoka kwa kuku, na maji yote ya dawa yaliyomwagika, yamo humo humo. Halafu maranda hayo yanaingia kwenye viroba na kuuzwa kwa wakulima wa mchicha.

Kwa nini mbegu inaota, kisha mche unakwama

Mbegu ina chakula chake ndani. Inapopata maji na joto huvimba na kutoa kimzizi bila kutegemea sana kilichomo udongoni. Kwa hiyo anayehesabu mbegu zilizoota tu ataona kila kitu ni salama, wakati mzizi na rangi ya majani vinasema lingine. Katika majaribio ya maabara urefu wa mzizi umeonyesha madhara mapema kuliko idadi ya mbegu zilizoota.

Sababu ni ya kale. Kloroplasti, vile vijumba vya kijani ndani ya jani, na mitokondria zinazoipa seli nguvu, asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli zamani mno. Mashine zake za kutengeneza protini bado zinafanana na za bakteria. Tetrasaiklini inayomzuia bakteria wa ndigana baridi huzuia pia mashine hizo za mmea, ndipo jani linapauka. Salfa, kundi jingine la antibiotiki, huzuia utengenezaji wa foliki, aina ya vitamini, ambayo mimea hujitengenezea yenyewe kama bakteria wanavyofanya. Enrofloksasini, nayo antibiotiki, huvuruga namna vinasaba vinavyojikunja na kujikunjua. Maharage na jamii yake huathirika kuliko mahindi, na wana mzigo wa ziada: bakteria wanaowatengenezea naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi nao ni bakteria, wanauawa na dawa hizo hizo.

Kuhusu kufyonza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwahi kupanda mahindi, vitunguu vya majani na kabichi kwenye udongo uliowekwa samadi yenye dawa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha mimea yote mitatu ilifyonza klorotetrasaiklini, ndugu wa OTC, nanogramu 2 hadi 17 kwa gramu ya mmea mbichi. Tailosini, antibiotiki nyingine, hawakuiona ndani ya mimea. Viwango hivyo ni vidogo mno ukilinganisha na kidonge cha hospitali, na sitaki mtu aache kula mchicha kwa sababu yangu. Kinachonisumbua mimi ni usugu. Dawa kidogo ikikaa udongoni na kwenye majani siku nyingi, bakteria wanajifunza kuizoea, na siku mtoto akiugua dawa haifanyi kazi.

Hatua ya kwanza: daftari

Tundika daftari bandani. Kila anayetibiwa, andika tarehe, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, kipimo, na siku za kusubiri za maziwa na za nyama, yaani siku ambazo bado hayaruhusiwi kutumiwa. Mtaalamu wa mifugo akija mwombe akuandikie mwenyewe, na usione haya kumwomba akuachie chupa au kuipiga picha. "Nimechoma antibiotiki" haitoshi, maana dawa hizi hazifanani tabia zikifika udongoni.

Tetrasaiklini, yaani OTC na doksisaiklini, hung'ang'ania mfinyanzi, mboji na kalsiamu. Huku kwetu Pongwe, Maweni na Amboni chini kuna mawe ya chokaa, na udongo wenye kalsiamu nyingi huzishika sana. Hiyo ni nafuu kwa mche, lakini dawa inakaa. Kwenye mchanga mtupu wa karibu na bahari, hakuna cha kuzishika. Salfa ni kinyume: hazishikwi sana na udongo, zinafuata maji, zinaingia mmeani kwa urahisi na zinaweza kushuka hadi kisimani. Enrofloksasini, inayotumika sana kwa kuku, ndiyo ninayoiogopa kupita zote, kwa sababu inashika udongo na kudumu miezi mingi, na hata kuozesha hakuiondoi vizuri. Penisilini huvunjika ndani ya siku chache. Tailosini nayo haidumu sana kwenye samadi.

Hatua ya pili: tenga

Mnyama akichomwa sindano, mavi yake yawe na lundo lake. Mpaka lini? Mimi hutumia siku za kusubiri za nyama zilizoandikwa kwenye chupa, si zile za maziwa. Kama nyama yake bado hairuhusiwi kuliwa, maana yake dawa ingali mwilini na ingali inatoka. Kwa dawa za kukaa muda mrefu siku hizo huwa nyingi, mara nyingine karibu mwezi. Ni kazi, najua, hasa ukiwa na banda moja la kufungia ndani. Nilichofanya ni kumhamishia mgonjwa kona ya mwisho ambako mkojo hautiririki kwa wenzake, na toroli lake likaenda upande wa pili wa nyumba.

Maziwa ya siku za kusubiri ndiyo watu wengi wanakosea. Ng'ombe akitibiwa kiwele kwa mirija ya dawa, maziwa hayapelekwi kwenye kituo cha kukusanyia, hilo kila mfugaji wa Tanga analijua. Lakini yanamwagwa wapi? Juu ya lundo la samadi, au kwenye mtaro unaoelekea bustanini. Chimba shimo mbali na kisima na bustani, uyamwage humo, ufunike kwa udongo. Wala ndama asipewe.

Kwa kuku hakuna namna ya kutenga, kwa hiyo hesabu banda zima kuwa na dawa kama walipewa dawa wakati wowote tangu vifaranga. Ukinunua viroba vya mbolea, muulize muuzaji kuku walinyweshwa nini. Asipojua, chukulia kuna dawa, uendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: ozesha kwa joto

Hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika, na ndipo haraka inapotuponza. Samadi iliyokaushwa juani miezi mitatu haijaoza, imekauka tu. Jua huvunja tetrasaiklini ya juu juu, ya ndani inabaki. Kinachovunja dawa ni joto la vijidudu wanaofanya kazi, wakiwa na maji na hewa.

Chagua mahali palipoinuka, angalau mita 30 kutoka kisimani, penye sakafu ya saruji au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Lundo liwe na mita moja au zaidi kila upande. Likiwa dogo halishiki joto. Samadi ya ng'ombe ichanganye na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba au pumba za mpunga. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, hivyo iongezee vitu vikavu hata mara mbili ya ujazo wake, la sivyo utanusa harufu kali ya mkojo, na hiyo ni naitrojeni yako inakimbia. Makumbi ya nazi usiyatie, yatakuchelewesha.

Maji yapime kwa kiganja: chukua konzi, kamua. Yakidondoka matone mengi, ni maji mno, ongeza makavu. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika, ongeza maji. Likibaki donge na kiganja kimelowa tu, hapo sawa. Funika kwa turubai, kwa sababu mvua za masika hupoza lundo na kuchuruza dawa, hasa salfa, kuelekea kwa majirani.

Siku ya tatu au ya nne choma nondo hadi katikati, iache dakika kumi, ichomoe. Isiposhikika kwa moto, lundo linafanya kazi. Joto unalolitaka ni nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza, vya nje viingie ndani, kisha kila wiki mbili. Jumla wiki 8 hadi 12, na mimi kwa lundo la mgonjwa sishuki chini ya 12. Tetrasaiklini hupungua sana kwa njia hii. Salfa hupungua pia, ila si kwa uhakika ule. Enrofloksasini hubaki, na nitaeleza pa kuipeleka.

Wenye mtungi wa baiogesi, msidhani umewamalizia kazi. Bakteria wa gesi nao huumizwa na dawa, gesi inaweza kupungua, na tope linalotoka huwa bado na mabaki. Mavi ya mgonjwa yasiingie mtungini siku za dawa, na tope liozeshwe pamoja na makavu kabla ya kwenda kitaluni.

Hatua ya nne: jaribio la mbegu

Jaribio hili halikutajii jina la dawa. Kujua ni dawa gani na kiasi gani ni kazi ya maabara. Linakuambia kama mbolea hii inaumiza mzizi au haiumizi, na ukilipanga vizuri linakuonyesha kama madhara yanatoka kwenye dawa au kwenye "moto" wa kawaida, yaani amonia na chumvi. Siri yake ni kuwa na mbolea ya kulinganisha: ya mnyama ambaye hakutibiwa, wa chakula hicho hicho, lundo la umri huo huo. Bila hiyo utailaumu dawa kwa makosa ya chumvi.

Tafuta vyombo tisa vya plastiki vyenye vifuniko, vile vya kubebea chakula. Vitatu vya maji matupu, vitatu vya mbolea safi, vitatu vya mbolea ya mgonjwa. Maji yawe ya mvua au ya chupa, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi. Chota mbolea sehemu tano tofauti za lundo, changanya. Kikombe kimoja cha mbolea, vikombe kumi vya maji. Koroga, acha saa mbili, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu.

Tandika karatasi ya chooni mikunjo minne kwenye kila chombo, ilowanishe kwa maji matupu au kwa maji yaliyochujwa ya mbolea ya chombo hicho, isielee. Panga mbegu 20 za figili zikiachana. Figili ni nyepesi kuota na mzizi wake unaonekana. Saladi ni nyepesi zaidi kudhurika lakini inakataa kuota kukiwa na joto kali, na joto ndilo letu. Mchicha mzizi wake ni uzi, utapofuka macho. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi usizitumie. Andika kifuniko, funika, weka kabatini penye giza.

Siku ya tano fungua. Funua karatasi taratibu, kwa sababu vinyweleo vya mizizi hupenya ndani yake na ukivuta kwa nguvu ncha inabaki. Hesabu zilizoota, kisha laza kila mche kwenye rula upime mzizi kwa milimita. Usiache kuangalia ncha: nyeupe au kahawia? Ina manyoya au iko tupu?

Hesabu ni hii: gawanya idadi iliyoota kwenye mbolea kwa iliyoota kwenye maji; gawanya urefu wa wastani wa mzizi kwa ule wa maji; zidisha majibu hayo mawili, kisha zidisha kwa 100. Mfano, maji yametoa miche 18 yenye mizizi ya milimita 40, mbolea imetoa miche 16 yenye mizizi ya milimita 22. Ni 0.89 mara 0.55, yaani 49. Ikivuka 80, mbolea imeiva. Kati ya 50 na 80, igeuze usubiri wiki nne. Chini ya 50 inaumiza. Ona kwenye mfano huu kuota pekee kungekudanganya, maana 16 kwa 18 ni karibu sawa.

Sasa linganisha malundo mawili. Yote yakiwa chini, tatizo ni ubichi au chumvi. Ya mnyama mzima ikiwa juu na ya mgonjwa chini, una sababu nzuri ya kuishuku dawa.

Mwenye nafasi aongeze kunde. Jaza makopo kwa udongo wa shamba, kila kopo na mbolea yake, panda, subiri wiki nne, ng'oa na uoshe mizizi kwenye ndoo. Kata vinundu kwa wembe. Vikiwa na rangi ya nyama ndani, bakteria wako kazini. Vikiwa vyeupe, vidogo au havipo kabisa upande wa lundo la mgonjwa tu, umepata jibu ambalo figili isingekupa. Mbolea nyingi pia hupunguza vinundu, kwa hiyo vipimo vya mbolea vilingane kabisa.

Hatua ya tano: nini kiende wapi

Dawa ndani ya mmea husafiri na maji, hivyo majani hupata zaidi kuliko matunda na punje. Mizizi hushika dawa kwenye ganda. Mboji yenye shaka isiende kwenye saladi, karoti, figili wala vitunguu vya majani, vitu vinavyoliwa vibichi. Kuosha huondoa udongo na bakteria wa nje, hakuondoi kilichoingia ndani. Mahindi, michungwa na migomba vinaweza kupokea.

Hata mboji iliyofaulu itawanye na kuichanganya na udongo wiki tatu au nne kabla ya kupanda, usiilundike shimoni. Kwenye mchanga weka kidogo kidogo, na salfa ikiwemo daftarini kaa mbali zaidi na kisima.

Na punguza dawa inayoingia. Kideri na gumboro ni virusi, OTC haviiogopi. Chanjo ya I-2 ya kideri, ya matone machoni, hurudiwa kila miezi mitatu na ni nafuu kuliko chupa ya antibiotiki. Dawa za "kukinga" kwenye maji ya vifaranga wasio wagonjwa ziache. Kiwele kioshwe na kukaushwa kabla ya kukamua, chuchu zichovywe dawa baada ya kukamua.

Lundo likishindwa jaribio mara mbili, au kama ni maranda ya kuku walionyweshwa enrofloksasini, sihangaiki nalo tena. Nachimba mfereji wa duara kuzunguka minazi, mita moja na nusu kutoka shinani, namwaga humo, nafukia, na tarehe naiandika daftarini.